Kichekesho cha kaburi la Kiswahili kimewekwa safu isiyo yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, nami naahidi kutotoka nje ya jambo moja. Katika toleo lenu la tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ndani ya kile kisanduku cha "Je, Wajua?" cha ukurasa wa nne, chini ya habari ya shingo ya twiga na juu ya tangazo la mabati, mliandika kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanzania Bara, kikaugua Kenya, kikafia Uganda na kikazikwa Kongo. Maneno hayo yalichapwa yamenyooka kama matokeo ya mtihani. Hapakuwa na alama za kunukuu, wala alama ya mshangao, wala neno lolote la kumdokeza msomaji kwamba anataniwa.

Sina ugomvi na kichekesho chenyewe. Ni kizuri. Kinakwenda kituo kwa kituo kama gari la abiria, na ukishafika Kenya na ugonjwa wake, tayari unaisikia harufu ya ubani wa huko mbele. Mimi nilikisikia mara ya kwanza kabla sijashika simu ya mkononi maishani mwangu, ndani ya basi lililotoka hapa Tanga kwenda Mombasa, tulipokuwa tumesimama Horohoro tukisubiri kugongewa mihuri. Abiria mmoja Mkenya alirudi kutoka dirishani, akamkuta mama mmoja na mtoto wamekaa mahali pake, akamwuliza utingo, "Sasa kiti yangu iko wapi?" Utingo, kijana wa Pangani mwenye mdomo, akakisoma kichekesho chote kwa sauti ya mhubiri, tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, na basi zima likacheka. Yule Mkenya naye alicheka, kisha akasema, "Sawa, ni mgonjwa, lakini nauli yake umekula." Basi likacheka mara ya pili, na safari hii kwa gharama ya utingo. Kiti kikapatikana.

Huo ndio utani, Mhariri, na wasomaji wako hawahitaji kufundishwa maana yake. Wangoni na Wahehe waliuana vitani katika karne ya 19, na leo wanazikana wakitukanana. Mtani wako anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, lakini siku ya msiba yeye ndiye anayejitosa kwenye udongo, anayeiga mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wacheke na machozi yao, na ndiye anayefanya kazi ambazo wenye msiba hawana nguvu ya kuzifanya. Kuna Mwingereza mmoja, R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, hapo juu Usambara, ambaye katika miaka ya 1940 aliacha ndege wake kwa muda akaandika makala kuhusu utani wa Tanganyika. Ninapenda kufikiri kwamba aliwasikia vibarua wake wakitukanana asubuhi, akangoja ngumi, ngumi hazikuja, akaona hili nalo ni jambo la kuandikwa. Aliyetaniwa yupo, anasikia, na ana zamu yake ya kujibu. Hiyo ndiyo nguzo ya utani, na ukiiondoa, kinachobaki ni tusi lililopambwa.

Sasa nieleze kilichotokea baada ya ninyi kuchapa.

Kichekesho hiki kimekuwa kikizunguka kwenye simu kwa miaka mingi, na kwenye simu yangu kimefika si chini ya mara kumi, kila mara kikiwa na ile mishale miwili midogo ya kuonyesha kwamba kimepita mikono mingi. Safari moja kilikuja na ramani na jeneza likivuka Ziwa Albert. Safari nyingine kilikuja na sauti ya mtu akisoma kwa huzuni, na kinanda nyuma yake. Watu walikicheka, wakakisambaza, kikapita. Hakuna aliyedhani ni elimu, kwa sababu kilikuja katikati ya picha za maua za "asubuhi njema" na dawa za kupunguza tumbo. Lakini tarehe 7 Julai mpwa wangu, aliyeko Dar es Salaam, alikipiga picha kisanduku chenu pamoja na jina la gazeti juu yake, akaituma katika kundi la ukoo, na chini yake akaandika maneno mawili: "Gazeti limethibitisha."

Mke wa mpwa wangu ni mtu wa Lubumbashi, naye yumo katika kundi hilo. Baada ya dakika chache aliandika, kwa Kiswahili kinachokubalika hata na Baraza la Kiswahili la Taifa: "Maiti inawasalimia nyote, hasa wafiwa."

Kundi lilinyamaza kwa muda unaotosha kuchemsha chai. Kisha dada yangu, yaani mama mkwe wake, alituma ujumbe wa sauti wa karibu nusu dakika ambao haukuwa na neno hata moja, ni kicheko tu mpaka kikohozi kikamshika. Mpwa wangu akafuta picha yake. Lakini gazeti halifutwi, Mhariri. Gazeti lenu lilikuwa limekwisha kwenda Lushoto, Korogwe na Handeni, na kesho yake nilinunua vitumbua vikiwa vimefungwa ndani ya ukurasa uleule wa nne.

Jioni yule binti alinipigia simu. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo alinisitiri nayo mimi mjomba wake. Alinieleza kwamba alipohamia Dar es Salaam, kwa karibu miaka miwili alikuwa akienda sokoni na kununua kwa kidole. Alionyesha nyanya kwa kidole, vitunguu kwa kidole, na bei akaiuliza kwa kuinua nyusi. Sababu yake ilikuwa kwamba siku za mwanzo, kila alipotamka "batoto" au "bantu", muuza mboga alimwita mwenzake wa meza ya pili aje asikie, na mwenzake akamwomba arudie. Hawakuwa watu wabaya. Walimwongeza fungu la mchicha na kumwita wifi. Lakini mtu aliyenyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama yake alikuwa akinunua nyanya kama bubu katika nchi ambayo, kwa mujibu wa kisanduku chenu, ndiko Kiswahili kilikokulia.

Kwa hiyo nimekaa chini kukipitia kichekesho hiki kituo kwa kituo, kama nilivyokuwa nikipitia prufu. Ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka 27, katika kiwanda cha uchapaji ambacho sina haja ya kukitaja, na ndiyo kazi inayoniwasha mikono kila ninaposoma gazeti lolote, lenu likiwemo.

Kituo cha kwanza, kuzaliwa Zanzibar. Kinachojulikana kuwa kilitokea Unguja ni jambo jingine: kilivikwa sare. Mwaka 1928 wawakilishi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikutana kuamua lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule, na baada ya mvutano baina ya Kimvita na Kiunguja, Kiunguja kikashinda. Kilikuwa na haki yake. Ndicho kilichokuwa kimekwenda bara na misafara ya biashara, na Askofu Edward Steere alikuwa amekiandikia kitabu cha sarufi tangu mwaka 1870. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi hizo nne, ambayo wajukuu zake wa leo ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ila mkutano ule wa mwaka 1928 ulifanyika wapi? Ulifanyika Mombasa. Yaani cheti cha kuzaliwa cha Zanzibar kiliandikwa wodini, kitandani kwa mgonjwa.

Na ukitafuta kuzaliwa kwenyewe, wanaisimu wanaochunguza historia ya lugha hukiweka Kiswahili katika ukoo mmoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro, na ukoo huo wameupa jina la Sabaki, ambao ni mto unaoingia baharini karibu na Malindi. Wengi wao huona chimbuko liko pwani ya kaskazini, upande wa Mto Tana na visiwa vya Lamu. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton na wenzake walichimba wakakuta mabaki ya msikiti wa miti na udongo wa karne ya nane. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ina tarehe ya mwaka 1728, ulitungwa Pate. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858, naye alikuwa mke wa mtawala wa Siyu, kisiwa hichohicho. Muyaka bin Haji alikuwa Mombasa akiwapiga wapinzani wake kwa mashairi makali kuliko utani wowote wa kwenye simu, na yeye alikuwa na adabu ya kumtaja anayempiga. Sehemu zote hizo ziko Kenya. Sisi wa Tanga tunalijua hili bila kitabu, kwa sababu Wadigo wako Mkinga na wako Kwale, na mpaka uliwekwa na watu ambao hawakuwauliza. Nikiwa kijana tulikuwa tukikamata redio mbili hapa, ya Dar es Salaam na ya Nairobi, na mtu aliyetufundisha ungwana kila Jumapili alikuwa marehemu Leonard Mambo Mbotela, Mkenya, kwa Kiswahili ambacho sikuwahi kukipatia kosa la kuwekea alama nyekundu.

Najua mtasema kichekesho kinawalenga Wakenya wa "kiti yangu", hakimlengi Mwana Kupona. Ni kweli. Nami nakiri kwamba "kiti yangu" huniuma mahali fulani nyuma ya sikio. Lakini tuseme yote basi. Tangu Kenya ianze mfumo wake wa elimu wa 8-4-4 mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye mtihani, na Katiba yao ya mwaka 2010 ikakifanya lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sijawahi kusikia mgonjwa akiandikiwa dozi kubwa namna hiyo.

Uganda nitapita haraka, si kwa dharau, bali kwa sababu kifo cha huko kina muuaji anayejulikana na hakihitaji upelelezi. Kabaka Mutesa I alikuwa akikijua Kiswahili karne ya 19. Gavana William Gowers alipotaka kukiingiza shuleni mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alikipinga kwa maandishi, akihofia Kiganda na heshima ya Buganda, na hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Kiswahili kikabaki kambini na katika vituo vya polisi, na mwananchi akakijua kama lugha ya kuamriwa alale chini. Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wengi hilo lilikuwa jiwe juu ya kaburi. Hata hivyo, mwaka 2005 Waganda walirekebisha katiba yao wakakifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Maiti ya aina hii, kwetu tungeirudisha hospitali.

Sasa Kongo, ambako ndiko ninakotaka kukaa, maana ndiko mlikochimba kaburi.

Kwanza, waliokipeleka Kiswahili huko ni nani? Wengine walikuwa watu wetu. Msiri, aliyejenga ufalme wake Bunkeya, Katanga, katika nusu ya pili ya karne ya 19, alitoka Unyamwezi, na watu wake wakaitwa Wayeke na wako huko hadi leo. Kaskazini zaidi, katika Maniema, alikuwako Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, aliyefanya Kasongo kuwa ngome yake ya pembe na watumwa, na ambaye baadaye alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Sisemi haya kwa kujivunia. Vijiji vya Maniema vina kumbukumbu yao ya Tippu Tip, na si kumbukumbu ya mwalimu wa lugha. Nasema ili ieleweke kwamba Kiswahili hakikufika Kongo kikiwa maiti begani. Kilifika kikiwa na bunduki na bizari, kikaachwa huko kama mtoto anayeachwa kwa bibi, na bibi akamlea kwa chakula alichokuwa nacho.

Kisha wakaja Wabelgiji na shaba. Mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910, na wafanyakazi wa migodi waliletwa kutoka kila upande, Walamba, Wabemba, Waluba, watu wa kutoka Rhodesia na Rwanda, wasiokuwa na lugha moja ya kuombana moto wa sigara. Kiswahili ndicho walichokishika. Hawakukipata kutoka kwa kamati ya Mombasa wala kwa Askofu Steere. Walikipata kwenye foleni ya mshahara, wakakitia vinywa vya kwao, na watoto wao wakazaliwa ndani yake. Ile "ba" ya "batoto" iliyomwita muuza mboga wa pili ndiyo "ba" ya Kibantu cha zamani. Msukuma husema "banhu" na Mhaya husema "abantu", na sijaona gazeti lililomtangazia Mhaya tanzia.

Mwaka 1965, katika mji huohuo, mtu aitwaye André Yav aliandika historia ya mji wao kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani. Fikiri jambo hili, Mhariri. Maboi na wapishi wa Wazungu, watu waliokuwa wakisimama nyuma ya viti wakati wa chakula, walichukua kalamu wakaandika jinsi nchi yao ilivyotekwa, nani alikuwa mkatili na nani alikuwa na nafuu, mshahara ulikuwa kiasi gani, na waliandika kwa Kiswahili chao, kwa tahajia yao, bila kumwomba ruhusa mtu yeyote wa Unguja. Msomi Johannes Fabian alikichapisha kitabu hicho mwaka 1990, akilitafsiri na kulieleza kila fungu. Nimekishika mara moja tu, kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na nakala. Kwa dakika tano za kwanza kalamu yangu nyekundu ilikuwa ikitetemeka mfukoni, maana maneno yameunganishwa pasipopaswa na kutenganishwa yanapopaswa kuungana. Kisha nikaanza kusoma kwa sauti badala ya kwa macho, na yule mtu akaanza kuzungumza. Nilisoma mpaka mwenye nyumba akaja kuniuliza kama ninalala hapo.

Sikutaja bado wapiga gitaa. Mwenda Jean Bosco, wa ukoo wa hao Wayeke, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili, na upigaji wake wa vidole viwili ukaigwa na wapiga gitaa wa Nairobi kwa miaka mingi. Kwa hiyo kaburi lilikuwa likipiga gitaa na hospitali ikijifunza. Na leo Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Ukishuka kwenye boti bandarini Kalemie au Uvira ukitokea Kigoma, utapata mtu wa kukuelekeza njia kwa Kiswahili kabla hujaweka mguu wa pili chini. UNESCO, ambayo mwezi Novemba 2021 iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, inasema wasemaji wa Kiswahili wamepita milioni 200. Toeni Wakongo katika hesabu hiyo, kwa kuwa wamezika, kisha mtuambie mmebaki wangapi wa kusherehekea.

Nimeacha kituo kimoja makusudi, kile cha katikati, tulipokulia sisi. Mhariri, mimi nimekaa jikoni mwa Kiswahili cha Tanzania miaka 27 na nimeona kinavyopikwa. Nimefuta "masaa" mpaka wino ukaisha. Nimefuta "kupelekea" mahali pa "kusababisha" katika hotuba za watu wakubwa ambao kesho yake walilirudisha. Siku hizi kila anayehojiwa kwenye televisheni husema "mwisho wa siku" hata kama ni saa mbili asubuhi. Katika juma la uchaguzi wa mwaka 2000, yapata saa tano usiku, niliokota kwenye prufu ya ukurasa wa kwanza kichwa cha habari kilichosomeka "Wananchi kula Jumapili". Mpangaji wa herufi alikuwa mtu wa kwetu kabisa, hakuwahi kuvuka mpaka wowote, na nilipomwonyesha aliniuliza kwa dhati ya moyo wake, "Kwani hawali?" Na mjukuu wangu, aliyejua usanisinuru vizuri sana akiwa darasa la saba, alipoingia kidato cha kwanza aliambiwa neno hilo aliache mlangoni, kwa sababu kuanzia pale mimea hutengeneza chakula chake kwa Kiingereza. Alishika nafasi ya nne darasa la saba. Kidato cha kwanza alianza kunyamaza, naye pia akawa mtu wa kuonyesha kwa kidole. Kama tunatafuta mgonjwa, tuanze na watu wa nyumba hii, kisha ndipo tuchungulie madirisha ya jirani.

Nimeulizwa na rafiki yangu mmoja, tunayekunywa naye kahawa pale Barabara ya 12, kwa nini nihangaike na sentensi moja ya kisanduku wakati gazeti lina mambo makubwa. Nilimjibu kwamba mambo makubwa husomwa na watu walioshiba. Kisanduku husomwa na wote. Husomwa na mwanafunzi anayejiandaa kwa mdahalo, na mwalimu anayetafuta cha kufungulia kipindi, na mtu aliye kwenye foleni ya benki, na wote hao hukibeba nyumbani kama kilivyo kwa sababu kimeandikwa "Je, Wajua?" Kwenye simu mtu hukutana na kichekesho akiwa amekwisha kukunja uso wa kucheka. Gazetini hukutana nacho akiwa amevaa miwani. Na tofauti kubwa zaidi ni ile ya yule Mkenya wa Horohoro: kwenye basi alikuwapo akajibu, na kwenye kundi la ukoo maiti aliinuka akasalimia, lakini kisanduku cha ukurasa wa nne hakina pa kujibia. Ndiyo maana nimelazimika kutumia ukurasa wa barua, ambao nasikia husomwa na watu wachache kuliko tangazo la mabati.

Maombi yangu ni mawili. La kwanza, mchapishe sahihisho, fupi tu, ndani ya kisanduku kilekile na kwa herufi za ukubwa uleule, si kule chini ya ratiba ya meli, kwamba habari ya kuzaliwa na kuzikwa kwa Kiswahili ni utani wa majirani na haikuwa mahali pake. La pili, kichekesho chenyewe msikifute. Kihamishieni ukurasa wa 15, penye katuni, kikakae na wenzake, maana huko kila anayefika hujua amekuja kucheka na aliyechekwa anaweza kuandika cha kwake wiki inayofuata. Mkikihamisha, nawashauri mkiweke pamoja na jibu lake, kwa kuwa jibu ni zuri kuliko swali. Nimekwisha kumwomba mwenyewe ruhusa, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba jina lake lisitokee. Amesema mwandike tu: Marehemu, Lubumbashi.

Ni mimi msomaji wenu,
Msahihishaji mstaafu,
Ngamiani, Tanga